Nambari 2147483647 kwenye orodha ya chama: ni virusi, ni shetani, au ni tasa?

Swali limetoka kwa katibu wa chama cha akina mama mtaani Umoja, Nairobi:

"Tulihamisha orodha ya wanachama kutoka daftarini hadi kwenye programu tuliyoundiwa na kijana mmoja wa mtaa. Sasa zaidi ya nusu ya wanachama wana nambari moja ya simu: 2147483647. Fundi wa kompyuta anasema ni virusi. Mwanachama mmoja ameshikilia kwamba ni nambari ya shetani na amekataa kuleta mchango mpaka ifutwe. Mwanangu wa Kidato cha Tatu naye anasema ni nambari tasa, eti ameigawanya kwa kikokotoo jioni nzima bila kupata kinachoigawa. Nani anasema kweli? Na mtu hujuaje kwamba nambari kubwa hivyo haigawanyiki, bila kugawanya mpaka azeeke?"

Katibu, anayesema kweli ni mwanao, ingawa jioni moja ya kikokotoo haithibitishi chochote. Fundi amekisia. Yule mwanachama alete mchango wake.

Nianze na simu, kwa kuwa hapo hakuna fumbo. Kijana aliyewaundia programu ametenga nafasi ya nambari kwa ajili ya simu, badala ya nafasi ya maandishi. Nafasi ya kawaida ya nambari kwenye hifadhidata ina biti 32, na kila biti hubeba 0 au 1. Biti moja huonyesha kama nambari ni chanya au hasi. Zinabaki 31. Ukizijaza zote kwa 1, umefika mwisho wa nafasi: 2³¹ − 1, ambayo kwa tarakimu zetu za kila siku ni 2,147,483,647.

Sasa tazama simu za Kenya. Mtu akiandika inayoanza na 07 mahali pa nambari, sifuri ya mbele hudondoka na kubaki milioni mia saba na ushei. Hiyo inaingia. Lakini aliyejaza kwa kuanza na 254 ameandika kitu kinachozidi bilioni 254, zaidi ya mara mia moja ya kile nafasi inachoweza kushika. Hifadhidata kama MySQL, isipowekewa masharti makali, haikatai wala haipigi kelele. Huandika nambari kubwa kuliko zote inazoweza, kisha inaendelea na kazi. Kagua orodha yako: wale ambao simu zao zilisalimika, zao zitakuwa zinaanza na 7 au 1, bila sifuri. Hao unawarudishia sifuri tu. Hawa wengine, simu zao hazimo tena ndani ya programu, na hakuna fundi wa Luthuli Avenue atakayezitoa humo. Ni kurudi daftarini. Natumaini hamkulitupa.

Mwambie kijana abadilishe nafasi hiyo iwe ya maandishi. Atakwambia kuna nafasi ya biti 64 ambayo ingeibeba 254 bila shida, na ni kweli, lakini bado itakula sifuri. Isitoshe, hakuna anayejumlisha nambari za simu. Huko Dallas, katika jimbo la Texas, 214 ni msimbo wa simu wa eneo, kwa hiyo 214-748-3647 huonekana pale kama simu halisi na kosa kama lenu linaweza kukaa miaka. Nyinyi mmeliona mapema kwa sababu kwetu haifanani na simu ya mtu yeyote.

Hapo ndipo fundi angeishia. Swali la mwanao ndilo lililonifanya niandike kwa urefu.

Nambari tasa ni ile isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11 na kuendelea. Kujaribu vigawo vyote mpaka bilioni mbili ni kujitesa bure. Ikiwa nambari yetu ni zao la vigawo viwili, kimojawapo lazima kiwe chini ya kipeuo chake cha pili, ambacho ni 46,340 na kitu. Vyote viwili vikizidi hapo, zao lao litaipita nambari yenyewe. Tena inatosha kujaribu zile zilizo tasa, kwa maana isiyogawanyika kwa 3 haiwezi kugawanyika kwa 9 wala 15. Tasa zilizo chini ya 46,340 ni karibu 4,800. Mwanao akitumia nusu dakika kwa kila moja, atakaa na kikokotoo kwa saa arobaini. Inawezekana, lakini Kidato cha Tatu kina masomo mengine.

Njia ya mkato ilipatikana kwa kuangalia umbo la nambari. Hii imeumbwa kwa mbili zilizozidishwa mara 31, kisha ikapunguzwa moja, na umbo hilo linabana sana aina ya vigawo vinavyoweza kuigawa.

Chukua kigawo tasa chochote cha 2³¹ − 1, tukiite q. Anza na 1, zidisha kwa 2, chukua baki baada ya kugawanya kwa q, zidisha tena kwa 2, chukua baki, na kuendelea. Kwa kuwa q inagawa 2³¹ − 1, hatua ya 31 itakurudisha kwenye 1. Je, mzunguko unaweza kurudi mapema zaidi? Ungerudi mapema, urefu wake ungelazimika kugawa 31, lakini 31 yenyewe ni tasa, na mzunguko wa hatua moja hauwezekani, kwa sababu 2 haibakishi 1 kwa tasa yoyote. Kwa hiyo mzunguko ni wa hatua 31 kamili. Upande wa pili, Fermat, mwanahisabati wa Ufaransa wa karne ya 17, alionyesha kwamba ukifika hatua ya q − 1 lazima uwe umerudi kwenye 1. Basi q − 1 ni kigawe cha 31. Na kwa vile q ni witiri, q − 1 ni shufwa, hivyo ni kigawe cha 62. Kila kigawo tasa cha nambari yetu lazima kiwe kigawe cha 62 ukiongeza 1.

Mwanao aijaribu kwanza kwenye nambari ndogo aone inavyofanya kazi. 2¹¹ − 1 ni 2,047. Kwa hoja hiyohiyo, vigawo vyake tasa lazima viwe kigawe cha 22 ukiongeza 1. Cha kwanza kabisa ni 23, nacho kinaingia: 23 × 89. Na 89 ni 22 × 4 + 1. Jaribio moja, kazi imekwisha.

Kuna chujio la pili ambalo sitalithibitisha hapa, kwa sababu lingehitaji kurasa zake: kigawo tasa cha nambari ya umbo hili kikigawanywa kwa 8 lazima kibakishe 1 au 7. Ukiunganisha machujio yote mawili, wagombea wanaobaki ni wale wa aina 248n + 1 au 248n + 63 tu. Mpaka 46,340, ukiacha 63 ambayo si tasa, wako 372. Na wengi wao huanguka kwa kutazamwa. 249 ni 3 × 83. 311 ni tasa, basi tunaijaribu: inaingia mara 6,905,092 na kubakisha 35. Imeshindwa. 497 ni 7 × 71, 559 ni 13 × 43, na ukiendelea hivyo hupati mwingine aliye tasa mpaka 1,303, ambayo inabakisha 226. Saa arobaini zimeshuka mpaka kazi ya alasiri moja.

Aliyeifanya kazi hiyo ni Leonhard Euler, Mswisi aliyeishi St. Petersburg, Urusi. Alitoa habari yake mwaka wa 1772 katika barua kwa mwanahisabati mwenzake Bernoulli, akiwa na umri wa miaka sitini na ushei na macho yake karibu yamekwisha. Kabla yake watu walikuwa wamedai tu. Pietro Cataldi wa Bologna, aliyekuwa amethibitisha kwamba 2¹⁹ − 1 ni tasa, alitangaza kwamba vipeo (yaani mara ambazo mbili inazidishwa) 23, 29, 31 na 37 navyo vinatoa tasa. Ni 31 peke yake iliyosimama. Ile ya 23, kwa mfano, ni 8,388,607, na 47 inaigawa (angalia: 46 + 1). Mwaka wa 1644 mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, akatoa orodha yake mpaka kipeo cha 257. Alipatia 31, akakosea kwa 67 na 257, akasahau 61, 89 na 107. Hata hivyo nambari hizi zinaitwa kwa jina lake mpaka leo, na sioni dhuluma hapo: orodha yenye makosa iliwapa watu kazi ya miaka mia tatu.

Kwa hiyo 2,147,483,647 ni tasa ya Mersenne, ya nane kwa ukubwa baada ya 3, 7, 31, 127, 8,191, 131,071 na 524,287. Ilikaa kama tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana duniani mpaka 1867, mwanahisabati Landry alipopata nyingine, 3,203,431,780,337, ndani ya vigawo vya 2⁵⁹ − 1.

Hapa ndipo watu wengi huchanganya mambo, na pengine ndipo mwanachama wenu alipoanza kuogopa. Nambari moja, kikomo cha kompyuta na papo hapo tasa adimu: lazima kuna mkono wa mtu? Hakuna. Kompyuta haikuichagua kwa sababu ni tasa. Ilifika pale kwa kujaza biti 31, basi. Tazama ndugu zake. Nafasi ya biti 8 inaishia 127, ambayo ni tasa. Nafasi ya biti 16 inaishia 32,767, ambayo si tasa: ni 7 × 31 × 151. Nafasi ya biti 64 inaishia 9,223,372,036,854,775,807, nayo inagawanyika kwa 7 bila taabu.

Sababu inaonekana kwa macho ukiziandika kwa mfumo wa jozi, yaani kwa 0 na 1 peke yake kama biti. 32,767 ni 1 kumi na tano mfululizo. Zikate tatutatu: 111 111 111 111 111. Kila kifungu ni 7 (4 + 2 + 1), basi nambari nzima ni kigawe cha 7. Zikate tanotano, kila kifungu ni 31, basi ni kigawe cha 31 pia. Nambari ya biti 64 ina 1 sitini na tatu, nazo zinakatika tatutatu vilevile. Lakini 1 thelathini na moja hazikatiki sawasawa kwa namna yoyote. Hilo peke yake halitoshi kuifanya tasa, maana 1 kumi na moja nazo hazikatiki na tayari tumeona 2,047 ikianguka kwa 23. Linaipa nafasi tu. Iliyobaki ni kazi ya Euler.

Mwanao atataka kujua iwekwe kwenye makundi gani mengine, kwa hiyo nimwandikie machache. Ni ya 105,097,565 ukizihesabu tasa zote kuanzia 2. Haina pacha, yaani hakuna tasa iliyo mbali nayo kwa mbili tu: 2,147,483,645 inaishia na 5, na 2,147,483,649 ina jumla ya tarakimu 48, hivyo inagawanyika kwa 3. Jirani zake tasa ni 2,147,483,629 na 2,147,483,659. Tasa fulani, ukizizidisha kwa mbili na kuongeza moja, hutoa tasa nyingine, hii haimo. Inatoa 4,294,967,295, ambayo ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Zao hilo napenda kulitazama hata bila sababu.

Ukiigawanya kwa 8 inabakisha 7. Nambari yoyote ya aina hiyo haiwezi kuandikwa kama jumla ya vipeo vya pili vitatu, yaani nambari tatu zilizozidishwa kila moja kwa yenyewe. Inahitaji vinne, na mwanahisabati Lagrange alithibitisha mwaka wa 1770 kwamba vinne hutosha kwa nambari yoyote ile. Nilikaa na kalamu nikapata hivi: 46,339² + 425² + 10² + 1². Zipo njia nyingine. Mwanao atafute ya kwake.

Sifa nzito kuliko hizo ni kuhusu nambari timilifu, yaani ile ambayo vigawo vyake vyote, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinairudisha: 6 ni 1 + 2 + 3, na 28 ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Euclid, Mgiriki wa kale, alijua kwamba kila tasa ya umbo la Mersenne huzaa moja. Yetu, ikizidishwa kwa 2³⁰, inatoa 2,305,843,008,139,952,128, timilifu ya nane. Mwaka wa 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hiyo ndiyo itakuwa kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana, kwa kuwa nambari hizi ni za kufurahisha tu na hazina faida, basi nani atajisumbua kutafuta nyingine? Mwaka wa 1876 Mfaransa Lucas alithibitisha kwamba 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, ni tasa. Leo tasa za Mersenne zinazojulikana ni 52, na kubwa kuliko zote, 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, ilitangazwa Oktoba 2024 ikiwa na tarakimu 41,024,320. Barlow alijua hisabati. Hakuwajua watu.

Tena kipeo chenyewe, 31, ni tasa ya Mersenne, maana ni 2⁵ − 1. Tasa za Mersenne zilizojengwa juu ya tasa ya Mersenne zinazojulikana ni nne tu: 7, 127, yetu, na ile ya Lucas. Mtu angetumaini kwamba ukiifanya yetu kuwa kipeo, yaani 2 izidishwe mara 2,147,483,647 na kupunguzwa moja, ungepata nyingine ya ajabu, yenye tarakimu zaidi ya milioni 646. Haikuwa hivyo. Inagawanywa na 295,257,526,626,031. Mwanao akiwa bado ana nguvu, akipunguzie kigawo hicho 1, agawanye kwa mara mbili ya nambari yetu, aone kama hakupata 68,745 bila baki. Ni kanuni ileile ya 62.

Na faida, ambayo Barlow hakuiona, ipo. Kwa miongo mingi programu za kompyuta zimekuwa zikitengeneza nambari za kubahatisha kwa kuzidisha kwa 16,807, ambayo ni 7⁵, na kuchukua baki kwa 2,147,483,647. Kwa sababu ni tasa, na kwa sababu 16,807 imechaguliwa vizuri, mfululizo hupita kila nambari kuanzia 1 hadi 2,147,483,646 kabla ya kujirudia. Hapo utasa wake unafanya kazi kweli, tofauti na kwenye orodha yenu ya simu.

Nirudi kwenye chama, maana kuna mambo mawili ambayo hukuuliza. Kwanza, uliza fedha zimehifadhiwa vipi. Programu nyingi huweka fedha kwa senti. Kama nafasi ni ya biti 32, mwisho wake ni shilingi 21,474,836 na senti 47. Leo hamjafika huko, lakini vyama vya Nairobi hununua ploti, na mkifika hapo akaunti haitaongezeka hata mweke kiasi gani. Katika programu nyingine itafanya vibaya zaidi: itazunguka kama mita ya kilomita ya matatu iliyozeeka, ila badala ya kurudi sifuri itaruka hadi hasi bilioni mbili na ushei, na mtaonekana mnadaiwa.

Pili ni tarehe. Mifumo mingi huhesabu muda kwa sekunde kuanzia mwanzo wa mwaka wa 1970 kwa saa za Greenwich. Ikiwa hesabu hiyo imewekwa kwenye biti 32, sekunde ya 2,147,483,647 ndiyo ya mwisho. Itafika Jumanne tarehe 19 Januari 2038. Hapa Nairobi itakuwa saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Sekunde inayofuata, mfumo kama huo utadhani ni Desemba 1901, mwezi ambao reli ilikuwa ikifika Kisumu. Hamna haja ya kusubiri mpaka siku hiyo kupata hasara: mwanachama akichukua leo mkopo wa kiwanja wa miaka kumi na mitano, tarehe ya malipo ya mwisho tayari imepita hapo.

Kwa hiyo kabla hujamlipa kijana sehemu iliyobaki, mwandikie mwanachama wa kubuni mkopo unaoisha tarehe 20 Januari 2038. Tarehe ikitokea sawasawa, mlipe. Ikitokea 1901, mrudishie programu yake aifanyie kazi tena.